Hayupo kwa Sasa

Jumapili, saa mbili asubuhi, Ibra.
Kiyoyozi kinakoroma, na faili la falaji
limefunguka mbele yangu: mistari elfu moja
mia nne na kumi na miwili,
kila mstari zamu ya mtu,
kila zamu nusu saa ya maji.
Wenyewe huiita athari.

Mkurugenzi anataka menyu.
"Thuwaiba, mtu abofye, aone. Basi."
Abofye mtaa, yashuke majina.
Abofye jina, zitokee siku na saa,
na duara la rangi likatike kama boga
kuonyesha nani anakunywa kiasi gani.

Menyu ni nyepesi kuisema.
Unaiamuru safu ya tatu ijikunje
ndani ya kisanduku chenye pembe nyeusi,
ukikigusa kinashuka kama ngazi.
Nikakigusa. Kikashuka.
Nikacheka peke yangu ofisini,

maana Bi Ghaniya binti Mbarak alikuwa watu wanne.
Ghaniya. Ghania. Ghanya.
Na wa nne ni Ghaniya yule yule,
ila ana nafasi moja mwishoni mwa jina,
haionekani, kama mtu
aliyejibanza nyuma ya pazia.
Mashine haijui kuwa ni bibi mmoja
mwenye mitende kumi na mmoja na mbuzi mkorofi.
Kwake herufi ikipungua, ukoo umebadilika.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.
Nikaoga mpaka adhuhuri:
nikamrudisha Halfani kwenye Khalfan yake,
nikawapatanisha akina Saidi na Said,
nikalipa madeni ya vidole vya karani
aliyepiga chapa, nadhani, mwezi wa Ramadhani
dakika kumi kabla ya kufuturu.

Ndipo nikaona, chini kabisa ya orodha,
chini ya Zahran,
neno ambalo sikuliandika mimi:
Tupu.

Nikalibofya. Duara likajaa rangi moja.
Zamu kumi na tisa, usiku wa kuamkia Ijumaa,
maji yanapita, mwenyewe hana jina.

Kuna kitufe cha kuficha. Kidole kilikuwa juu yake.
Nikampigia kwanza wakili wa falaji, Humoud,
akajibu kwa ujumbe wa sauti, pikapu ikinguruma:
"Usifute hayo! Ni ya waliokwenda Afrika.
Waliacha maji, maji hayakuacha zamu."
Nani anayatumia?
"Wa shamba la chini. Anaandika deni."
Deni kwa nani?
Ujumbe wa pili ulikuwa kicheko tu, na honi.

Mama yangu alizaliwa Tabora.
Kazini najibu kwa Kiarabu, nahesabu kwa Kiswahili,
na kwa Kiswahili athari
ni kile kinachobaki kitu kikishapita.
Nikaandika kwenye kisanduku cha kutafutia
jina la babu wa mama, kwa tahajia zote nizijuazo,
mpaka ile yenye nafasi mwishoni.
Hakuna matokeo.
Hakuna matokeo.
Sikulia. Nilikwenda kuchemsha maji ya chai,
nikasahau kuweka majani.

Niliporudi nikabadilisha lebo.
"Tupu" ni uongo: zamu ina saa, ina siku,
ina mitende inayoitegemea.
Nikajaribu "Safarini," nikaona najipendekeza.
"Marehemu" nani kanithibitishia?
Mwisho nikaandika kama mpokea simu:
Hayupo kwa sasa.
Nikaipa rangi ya kijivu, nikahifadhi.

Saa nane mkurugenzi akaja, akainama, akabofya.
Mtaa. Majina. Ghaniya mmoja.
Duara likakatika vizuri, akafurahi kama mtoto.
Kisha akashuka mpaka chini.
"Na huyu hayupo, ni nani?"
"Mteja," nikasema. "Anatudai."

Akabofya tena, na tena,
akidhani skrini imeganda.